Viatu vya Zamu

Mlinzi alileta viatu Jumapili saa nne asubuhi. Alivitoa kwenye mfuko wa plastiki akaviweka juu ya meza ya Fundi polepole, kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Vilikuwa vyeusi, vya ngozi, vya kamba, na vimepigwa rangi mpaka vinang'aa, maana Mlinzi alikuwa mtu wa kujiheshimu na hakuwahi kupeleka kiatu kichafu kwa fundi. Cha kushoto soli ilikuwa imeachama mbele.

"Nivipate saa kumi na moja jioni, Fundi. Nisipovipata siingii kazini."

"Leo Jumapili, ndugu yangu."

"Ghala halijui Jumapili."

"Utavipata. Nimewahi kukuangusha?"

"Hujawahi," alisema Mlinzi, na ni kweli. Miaka kumi na mmoja alikuwa akileta viatu pale, na kila mara alivikuta tayari. Akaenda zake, kandambili zikimpiga visigino.

Fundi alivuta kigoda, akapangusa miwani kwa pindo la shati. Binti yake alikuwa ameshaegemeza simu kwenye kopo la gundi, kioo chake kikimtazama baba yake usoni. Huyo binti alimaliza chuo cha biashara miaka miwili iliyopita, akaandika barua za kuomba kazi mpaka vidole vikaota sugu, na sasa alikuwa akisuka nywele za watu barazani ili apate hela ya bando. Bando lote lilikuwa likiishia kwenye kumrekodi baba yake. Miezi mitatu sasa.

Na baba mwenyewe alikuwa mtu wa kurekodiwa, tusidanganyane. Alikuwa akisoma soli. Ungempa kiatu chako angekigeuza, akakitazama upande upande, kisha akakwambia kwamba unatembea kwa haraka lakini hufiki, au kwamba goti lako la kulia lina maneno, au kwamba wewe ni mtu wa kusimama milangoni mwa watu. Wateja walikuwa wakicheka na kuongeza hela kidogo. Walikuwa wakiambiwa wenyewe, ana kwa ana, na hapo ndipo palipokuwa na utamu.

"Anza, Baba," alinong'ona binti.

"Haya, hebu tuone leo tuna nani," alisema Fundi, akaupindua mguu wa kushoto mbele ya kioo. "Kisigino kimelika ndani. Huyu magoti yake husalimiana njiani. Lakini ngoja. Na nje nako kimelika! Jamani, mtu gani anatembea ndani na nje kwa mguu mmoja?" Akaingiza vidole, akavuta kitu kutoka mbele ya kiatu. Kilikuwa kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nane, kimelainika kwa jasho. "Gazeti! Mwenye mguu mdogo ndiye anayejaza gazeti. Lakini tazama hapa, ngozi imetutumka, kidole gumba kinatafuta mlango. Huyo ana mguu mkubwa. Sasa mimi nawauliza: mguu gani ni mdogo na mkubwa?" Akanyamaza kidogo, maana alijua kusubiri. "Viatu hivi vina watu wawili! Mmoja anaingia, mmoja anatoka. Hivi ni viatu vya zamu! Mmoja yuko kazini, mwenzake yuko nyumbani na soksi, anatazama saa!"

Binti alicheka mpaka simu ikatikisika. Fundi naye alicheka, akashika sindano, simu ikiendelea kurekodi. Uzi mweusi ulikuwa umekwisha, kwa hiyo akashona kwa uzi wa manjano, mishono kumi na miwili kuzunguka ncha, akaifunika kwa rangi. Rangi ilishika nusu yake. Hakutaja jina la mtu, na jambo hilo baadaye alilirudia mara nyingi sana.

Saa kumi na moja Mlinzi alivikuta tayari.

•

Kufikia Jumatano watu laki nne na elfu kumi na mbili walikuwa wameshaitazama ile video.

"Laki nne," alisema Fundi. "Mimi nimeshona viatu miaka ishirini na miwili na sijaona miguu laki nne."

Walikuwa wamekaa ndani ya kibanda, wote watatu, kwa sababu mke wa Fundi alikuwa ametoka kazini mapema. Alikuwa akifua shuka za zahanati, na mikono yake ilikuwa na ule weupe wa dawa usiotoka hata kwa mafuta. Juu ya kichwa chake, kwenye mbao za kibanda, palibandikwa karatasi ya ofisi ya mji: vibanda vyote vya barabara hii viondolewe kabla ya tarehe thelathini. Ilikuwa tarehe kumi na saba. Ng'ambo ya barabara jengo jipya lilikuwa limekamilika, na chini ya ngazi zake kulikuwa na chumba kimoja kidogo ambacho kingemfaa mshona viatu. Walitaka kodi ya miezi sita mbele. Fundi alikuwa na ya mwezi mmoja na nusu, ukihesabu na sarafu.

"Sikilizeni," alisema binti. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Chuoni walitufundisha hivi. Kuna mali iliyolala na mali inayofanya kazi. Kiwanja kisichojengwa kimelala. Chumba kisicho na mpangaji kimelala. Ukikiamsha kilicholala kikaanza kuleta hela, basi hiyo ndiyo biashara, mengine yote ni maelezo. Sasa ulimi wa Baba umelala miaka ishirini na miwili."

"Ulimi wa baba yako umelala?" alisema mama yake. "Lini? Siku hiyo uniite nije nisikilize."

"Mama, nasema kibiashara. Kampuni ya mtandao wa video inaiita uchumaji wa mapato. Wanaweka tangazo kabla ya video, wenye tangazo wanawalipa wao, wao wanatugawia."

"Kuchuma," alisema Fundi. "Mtu huchuma alichopanda. Sisi tumepanda nini?"

"Umepanda maneno."

Jibu hilo lilimpendeza, akaliweka moyoni. Binti akaendelea. Kampuni haikubali kila mtu, inataka kwanza watu wawe wametazama video zako kwa jumla ya saa elfu tatu. Video ishirini na tatu za mwanzo hazikufikisha hata saa mia. Hii moja ya viatu vya zamu imeleta elfu tatu na mia moja. Maombi ameshatuma usiku, majibu yatakuja ndani ya siku chache, na kwa hesabu yake, wakikubaliwa, malipo ya kwanza yatatosha kodi ya miezi minne, labda mitano.

"Kwa viatu vya nani?" aliuliza mama.

"Mama, hakuna jina."

"Nimeuliza ni vya nani, sijauliza jina."

Fundi alikuwa ameshasimama, anavaa shati lake la mwaliko, anavuka barabara kwenda kwa Meneja wa jengo.

Meneja alikuwa kijana wa tai nyembamba. Mara mbili kabla ya hapo alikuwa amemwacha Fundi asimame mlangoni dakika arobaini, kisha akamwambia arudi kesho. Safari hii alimtazama, akakunja uso, akapiga meza kwa kiganja.

"Si wewe? Si wewe wa viatu vya zamu?"

"Ndiye mimi."

"Kaa, Mzee! Kaa kitini, usisimame. Njooni mumwone!" Wakaja karani na mwanamke wa usafi, wakapiga naye picha. Meneja akamwekea mkono begani, akamgeuza huku na huku kutafuta mwanga. Fundi alitabasamu mpaka mashavu yakauma. Walipomaliza, akataja shida yake: tarehe thelathini, miezi sita, muda kidogo tu.

"Mzee wangu, nakushikia chumba mpaka tarehe tano ya mwezi ujao. Unajua kwa nini? Kwa sababu una watu. Watu wakija kukuona wewe, wataona na maduka mengine. Ila uwe bado unatazamwa. Mshona viatu wa kawaida ninao kumi wanaoniomba hapo nje."

Fundi alirudi ng'ambo akitembea katikati ya barabara, magari yakimpigia honi. Alikuwa na furaha, na pia alikuwa na kitu kingine kilichomwasha chini ya shati, lakini aliamua ni joto.

•

Mlinzi alikuja Alhamisi saa sita mchana. Wakati huo wa mchana siku zote huwa amelala, na akitembea huwa na kandambili. Siku hiyo alikuwa amevaa viatu vyeusi. Mishono ya manjano ilionekana kwenye ncha ya mguu wa kushoto.

"Karibu, ndugu yangu, kaa," alisema Fundi.

"Nimesimama vizuri." Akamtazama binti, akamtazama baba. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Fundi, nilikuwa sitaki kuja. Nimezunguka hapo nyuma mara tatu."

"Sema tu."

"Mimi naingia ghalani saa kumi na mbili jioni. Sharti lao ni kiatu cheusi cha ngozi, ukija na kingine unarudishwa na siku yako imekwenda. Natoka saa kumi na mbili asubuhi. Mwanangu ni tarishi kwenye ofisi ile ya bima, naye kwao ni kiatu cheusi cha ngozi. Anaingia saa mbili. Nikitoka namkuta kwenye kona ya pampu ya mafuta, navua, anavaa, mimi navaa kandambili alizokuja nazo. Jioni vivyo hivyo. Mwaka mmoja na nusu. Tulikuwa tunakusanya hela ya jozi ya pili." Akatazama ncha za viatu. "Hakuna aliyekuwa anajua. Hata mke wangu mpaka anafariki hakujua kama tunabadilishana barabarani. Alidhani vya mwanangu vinakaa ofisini."

Fundi alishika nyundo, akaiweka chini.

"Jumatatu akaingia ofisini na bahasha zake. Mhasibu akaangalia chini, akaona uzi wa manjano. Wakaita wengine. Wakamwambia aweke mguu juu ya kiti walinganishe na simu. Akauweka, Fundi. Alidhani wanampenda. Kisha wakamwonyesha. Tangu siku hiyo hawamwiti jina lake, wanamwita Zamu. Zamu, peleka barua. Zamu, leo ni zamu ya nani? Jana bosi mkubwa alikuwa na wageni, akamwita ili wacheke pamoja. Mwanangu akavua viatu, akavipanga juu ya meza ya bosi, akatoka. Alirudi nyumbani pekupeku, mwendo wa saa nzima. Mimi ndiye niliyekwenda kuvichukua."

Barabarani mtu alikuwa akipita na spika inayonadi sumu ya panya. Mlinzi alisubiri ipite, kama anayempisha mzungumzaji mwingine.

"Kwa hiyo sasa vya kwangu peke yangu," alisema. "Tangu mwanangu aajiriwe, leo ndiyo mara ya kwanza nina viatu vya peke yangu."

"Mimi sikutaja jina," alisema Fundi.

"Hukutaja."

"Na sikujua kama mnavivaa wewe na mwanao. Nilidhani... nilifanya mzaha."

"Najua. Ulisema kweli tupu, ndiyo maana watu wamecheka." Akamgeukia binti. "Mwanangu, nakuomba uifute. Sina lingine. Sikuja kudai chochote."

Binti alitazama simu yake mapajani. Alitaka kusema ndiyo, na pia alitaka kusema subiri mpaka Jumatatu.

"Tutaona, Baba," alimwambia Mlinzi mwishowe. Ni neno baya, tutaona. Mlinzi aliwahi kuambiwa neno hilo na watu wengi na alijua maana yake. Akashukuru, akaenda.

•

Chakula cha jioni kilipoa mezani. Mama alikuwa ameshasimuliwa yote, na kwa mara ya kwanza tangu waoane hakumkatiza mumewe.

"Tuifute Jumatatu," alisema binti. "Majibu yakishatoka. Siku nne tu. Tukiifuta leo saa zote zinaondoka nayo, tunarudi kwenye saa mia. Maombi yanakufa. Na Meneja alisema nini? Alisema Baba awe anatazamwa."

"Siku nne," alisema mama. "Kwa siku nne wangapi watamcheka yule kijana?"

"Wameshamcheka, Mama! Laki tano wameshacheka. Tukiifuta hakuna anayeurudisha mdomo wake. Aibu imeshatoka, imebaki hela tu. Sasa kwa nini tuache na hela ipotee?"

Ilikuwa hoja nzuri. Walimu wake wangempa alama zote. Fundi aliipenda, akaigeuza kichwani, akatafuta mahali pa kuishika.

"Mtoto ana akili," alisema kwa sauti ndogo.

"Ana akili, nani amekataa?" Mama akasukuma sahani. "Mimi nafua shuka za wagonjwa miaka tisa. Mnajua naona nini kwenye shuka zile? Namjua aliyeharibu mimba. Namjua mwanamume mzima anayekojoa kitandani, tena mtu mkubwa, mkitajiwa mtaacha kutafuna. Nikifungua mdomo, nusu ya mji huu haitoki nje. Na mimi, mume wangu, sina chumba cha chini ya ngazi, sina hata kibanda. Lakini watu wananiletea shuka zao. Kwa nini? Kwa sababu mfuaji anaona, ananyamaza. Ndiyo kazi yenyewe. Sabuni mtu yeyote atanunua."

"Mimi siuzi siri. Nauza mzaha."

"Mzaha wa kwenye kiatu cha nani? Alikupa ushone, hakukupa usome mbele ya dunia. Miaka kumi na mmoja hakudai hata risiti."

Fundi alisimama, akaenda dirishani, akarudi, akakaa, akasimama tena. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Hakujua kazi nyingine. Ungemtoa kwenye kile kibanda, angebaki na sanduku la sindano na pa kuliweka hana. Aliona picha yake akizunguka nyumba kwa nyumba na kengele mkononi, na watu wakimwambia leo hatuna. Aliogopa, na woga ule ulimfanya amkasirikie Mlinzi, mtu asiyemkosea lolote, kwa nini hakulala mchana ule kama siku zote.

"Angekuwa mtu wa matusi ingekuwa rahisi," alisema.

"Kwa hiyo?" aliuliza mkewe.

"Ifute."

"Baba."

"Ifute, mwanangu. Kabla sijabadilika."

"Miezi mitatu, Baba! Nimesuka vichwa vya watu mpaka vidole haviinuki. Kila hela imeingia humu. Nilikuwa nataka..." Hakumaliza. Alikuwa anataka, mara moja tu, kuwa yeye ndiye aliyeiokoa nyumba ile, na si mtoto aliyesomeshwa bure. Alilia kwa sauti, bila kujifunika uso, huku kidole kikibonyeza. Simu ikamuuliza kama ana hakika. Akamwonyesha baba yake lile swali, kwa ukatili kidogo. Fundi akatikisa kichwa kukubali, na video ikaondoka.

Siku ya pili kampuni iliandika kwamba ukurasa wao haujatimiza masharti. Jioni ya siku hiyo hiyo Fundi alivuka kwenda kwa Meneja ili aseme ukweli mwenyewe. Alisimama mlangoni dakika ishirini, kisha karani, yule yule wa picha, akamwambia chumba kimechukuliwa na mtu wa vifuniko vya simu.

•

Jumamosi mchana mama alirudi kutoka zahanati na hakuvua hata viatu.

"Mlisema mmeifuta."

"Tumeifuta."

"Wauguzi wameitazama leo wakati wa chai. Nimeisikia sauti yako nikiwa kwenye mabomba. Viatu vya zamu, viatu vya zamu, na watu wanacheka."

Binti alinyakua simu. Aliitafuta kwa dakika mbili tu. Ukurasa wa vichekesho, wa watu wasiojulikana wako wapi, ulikuwa umeichukua Jumanne, ukaongeza sauti ya kicheko na kukuza ule uzi wa manjano kwa duara jekundu. Milioni moja na laki mbili. Kabla ya video lilitangulia tangazo la sabuni, mwanamke akitabasamu na povu.

"Wanalipwa?" aliuliza Fundi.

"Tangazo hilo unaliona. Wanalipwa."

"Waandikie! Waambie ni yetu!"

Aliandika. Alijaza fomu ya malalamiko akiwa amesimama. Majibu yalikuja haraka, ya mashine: aweke kiungo cha video ya asili kuthibitisha kwamba ni mali yake. Binti alisoma mara mbili, kisha akacheka kicheko kibaya.

"Wanataka ushahidi, Baba. Na ushahidi ndio huo tulioufuta."

Fundi hakukaa. Alikwenda kibandani, akafungua sanduku la viatu ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua, akachagua jozi nyeusi ya ngozi, namba arobaini na tatu. Akaibandika soli mpya, akaishona kwa uzi mweusi alionunua kwa hela ya kodi, akaipiga rangi mara tatu. Saa kumi alikuwa njiani na binti yake, wakiuliza nyumba kwa nyumba anakokaa mlinzi wa ghala.

Kilikuwa chumba kimoja, kisafi, kitanda upande na godoro limesimamishwa ukutani. Mlinzi aliwakaribisha, akatoa kiti kimoja kilichokuwapo. Kijana wake alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mrefu, shingo nyembamba, anakata kucha za miguu kwa wembe. Aliwaamkia vizuri. Hakuacha kukata.

Fundi aliomba radhi. Hakufanya mzaha hata mmoja. Alisema alikosa, alisema mdomo ulimponza, alisema wameifuta na sasa wengine wanayo na hawawezi kuwazuia. Binti naye alisema yake, akitazama sakafu. Kisha Fundi akavitoa vile viatu, akaviweka chini mbele ya kijana.

Kijana alivitazama. "Vya nani hivi?"

"Vyako sasa."

"Vilikuwa vya nani?"

"Mteja. Hakurudi."

"Akirudi?"

Fundi hakuwa amelifikiria hilo. Kijana alivisogeza pembeni kwa mguu, taratibu, bila dharau.

"Mlilipwa kiasi gani?" aliuliza.

"Hatukulipwa, mwanangu. Ndiyo nakwambia, tuliifuta kabla hawajatukubali."

"Hata kidogo?"

"Hata senti. Na chumba cha kwenye lile jengo tumekikosa. Tarehe thelathini kibanda kinavunjwa, sina pa kwenda." Alisema hayo kwa haraka, karibu kwa fahari. Alidhani hasara yake ingempoza kijana, kwamba sasa wako sawa.

Kijana aliweka wembe chini. Kwa mara ya kwanza aliwatazama machoni, mmoja baada ya mwingine, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Baba aliiona ile karatasi kibandani kwenu, akaniambia mnatafuta chumba," alisema. "Nilikaa hapa siku tatu najiambia, haya, nimechekwa, nimeacha kazi, lakini yule mzee amepata pa kukaa. Kuna mtu amepata kitu. Nilikuwa nimeshaanza kulizoea."

"Mwanangu," alisema Mlinzi.

"Niache, Baba." Alisimama, kichwa kikikaribia dari, akaenda kufungua mlango na kuushika wazi kwa adabu, kama tarishi anavyowashikia wakubwa. "Nendeni tu, Mzee. Mngenila mkashiba, ningewasamehe."